Akivuliwa barakoa kule Mexico, ndiyo amefukuzwa kazi?

FundiBusia
Habari zenu wakubwa. Mimi fundi cherehani, niko Busia huku upande wa Uganda. Jumapili usiku kibanda cha video cha jirani kilionyesha mieleka ya Mexico, ile wanaita Triplemanía, ya mwaka 2017. Karibu kila mtu ana barakoa. Pambano kubwa lilikuwa Psycho Clown, mwenye sura ya mchekeshaji wa sarakasi, na mzee mmoja anaitwa Dr. Wagner Jr. Wamepigana mpaka barakoa zimechanika na damu inatoka. Mzee akashindwa. Badala ya kwenda zake, akasimama pale ulingoni, akavua barakoa, akashika kipaza sauti akaongea na watu. Kibanda kikawa kimya, hata yule wa chapati mlangoni aliacha kugeuza.

Sasa mfasiri wetu wa pale kibandani, ambaye Kihispania hajui hata neno moja (tulisoma naye mpaka P7, yaani darasa la saba, namjua), akatangaza: "Huyu mzee leo kazi imeisha, wamemfukuza!" Mimi nikakataa. Mtu aliyefukuzwa hashangiliwi namna ile. Tumewekeana elfu kumi na pesa anashika mwenye kibanda. Nani anajua ukweli?

Swali la pili ni la kazi. Asubuhi yake mama mmoja ameniletea mtoto wa miaka saba, anataka barakoa kama ile. Nimekata kwa akili ya zile barakoa za korona, nikashona kama soksi ya kichwa. Imeingia mpaka puani ikakwama. Mtoto analia, mama ananiangalia tu.

Boda_Namutere
Mimi nilipofukuzwa kazi nilipewa dakika tano nitoe vitu vyangu getini. Kipaza sauti nilikiona wapi? Fundi, hiyo elfu kumi ni yako.

MamaZai_Bombo
Mwanangu fundi, mfasiri wenu anawala pesa bure. Mimi marehemu mzee wangu alikuwa haoni mieleka bila kuniita nikae, nimejifunza kwa lazima.

Lile ni pambano la dau. Wenyewe wanaliita lucha de apuestas. Wawili wanakubaliana kabla: atakayeshindwa anavua barakoa mbele ya watu. Asiye na barakoa anaweka nywele zake, akishindwa ananyolewa palepale ulingoni. Na aliyevua hutaja jina lake la kuzaliwa, kwao na miaka aliyopigana. Yule mzee siku hiyo alikuwa na miaka 52, na ile ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona sura. Dr. Wagner lilikuwa jina la baba yake, naye mwanamieleka. Basi hapo hujavuliwa kitambaa, umevuliwa kitu cha nyumbani kwenu. Kazi aliendelea nayo, akapigana uso wazi kwa jina la Rey Wagner. Kwa hiyo hakufukuzwa.

Kuna mwingine wa zamani, El Santo, mwenye barakoa ya rangi ya fedha. Mwaka 1952 alimvua Black Shadow, na hilo wanalisimulia mpaka leo. Yeye mwenyewe hakuvuliwa na mtu. Mwanzoni mwa 1984 alijifunua kidogo tu kwenye televisheni, na tarehe 5 Februari mwaka huohuo akafariki. Wamemzika na barakoa usoni. Mzee wangu alipoisikia hiyo alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa Munkar na Nakir, malaika wa kaburini, watamjuaje?" Nilimpiga na kanga.

Kayunga_Tv
Na kumvua mwenzako kwa nguvu katikati ya mchezo ni kosa, unapoteza raundi. Kwetu watu walikuwa wanapiga kelele kwamba refa amekula hongo, kumbe ndiyo sheria yao. Mapambano yao mengi ya jadi ni raundi tatu, anayeshinda mbili amemaliza.

Mimi nimeenda kuona ile mieleka ya matope ya Mukono, ulingo wa miti na udongo uliolowa. Pale barakoa ya nini? Dakika mbili tu wote sura moja.

Cherehani_Jinja
Narudi kwenye kazi. Ndugu fundi, umesahau mgongo. Barakoa ya kule inafunguka nyuma kutoka utosini mpaka shingoni, halafu inafungwa kwa kamba kama kiatu. Na ni haki, maana fundi aliyezishona mwanzo, Antonio Martínez, alikuwa mshona viatu. Miaka ya 1930 mwanamieleka mmoja Mmarekani alimwendea akitaka kitu cha kufunika kichwa chote, akamshonea ya ngozi.

Tumia kitambaa kinachovutika, kama cha suruali za mazoezi. Kata vipande vinne. Nyuma acha wazi, weka ulimi wa kitambaa ndani ili kamba isikwaruze, piga vijicho vya chuma vya kupitishia kamba. Macho na mdomo zungushia kitambaa kingine, la sivyo yatatanuka kwa wiki moja. Pima kuzunguka paji la uso na chini ya kidevu, usipime kwa macho.

FundiBusia
Asanteni sana, mama Zai hasa. Nimempelekea mfasiri simu asome mwenyewe. Amesoma mara mbili, akasema "aliyepoteza jina la baba yake ni sawa na aliyefukuzwa." Mwenye kibanda amekataa hoja hiyo, amenipa elfu kumi yangu, na kwenye ile ya mfasiri amemrudishia elfu mbili za nauli kwa huruma.

Barakoa nimeirudia. Vijicho nimechukua kwa mshona viatu wa stendi, mia mbili kila kimoja, kumi na viwili. Imeingia vizuri kabisa. Shida ni kwamba mama amenipigia usiku saa tatu: mtoto amefunga fundo kisogoni, hataki mtu aguse, na uji anakunywa kwa mrija. Cherehani_Jinja, ile kamba nikiikata naweza kuweka zipu, au itaonekana vibaya?

Cherehani_Jinja
Zipu itamng'ata nywele. Mwambie mama asubiri alale.