Kreatinini 115, presha 168/78: figo na mishipa iliyokakamaa vinahusianaje?

Tabibu_Mbagala
Habari wakuu. Mama wa miaka 58, hana sukari. Presha 168/78, imerudiwa siku tofauti na haishuki. Kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) 115 µmol/L. Uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo (ACR) umekuja 10.7, na kijiti cha mkojo hakikuonyesha protini. Kwa kuwa 10.7 iko chini ya 30, niandike figo ni nzima? Na hilo pengo la 90 kati ya presha ya juu na ya chini lina maana gani?

Maabara_Temeke
Tabibu, usiandike kwanza. Angalia kizio pembeni ya ile namba. Mpaka wa 30 ni wa mg/g (miligramu za albumini kwa gramu ya kreatinini). Kama cheti kimeandikwa mg/mmol, mpaka ni 3, na 10.7 ukiizidisha kwa 8.84 unapata karibu 95 mg/g. Hiyo albumini inavuja. Kijiti cha kawaida hukosa kiasi kidogo kama hicho, hasa mkojo ukiwa mwepesi.

Rudia kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Asipimwe akiwa na homa, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), hedhi au baada ya kazi nzito, maana vyote hivyo hupandisha albumini kwa muda.

Tabibu_Mbagala
Ni mg/mmol kweli. Ahsante sana.

Dkt_Upanga
Basi picha imekamilika zaidi. Kwa fomula ya CKD-EPI ya 2021, kreatinini hiyo kwa mwanamke wa umri huo ni eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) ya karibu 48. Hali ikidumu miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Pengo likizidi 60 kwa mtu wa makamo, shuku mshipa mkuu, aota. Aota laini hutanuka moyo unaposukuma, ikapunguza kishindo. Ikikakamaa, presha ya juu hupanda, ya chini hushuka, na kishindo huenda moja kwa moja hadi kwenye vichujio vya figo. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote ya moyo, na mishipa yake haina ukinzani mkubwa, kwa hiyo ndiyo huumia mapema. Vichujio vikichakaa, albumini inapenya.

Ubaya ni kwamba mambo yanarudi nyuma pia: figo dhaifu hubakiza chumvi na fosfeti, na kalsiamu huganda kwenye tabaka la kati la mshipa. Hayo siyo yale mafuta ya ukuta wa ndani. Ndiyo maana majibu mazuri ya kolesteroli peke yake yasikutulize.

Kabla ya dawa, hakikisha mkanda wa mashine unatosha mkono wake. Ukiwa mdogo, presha husoma juu kuliko ilivyo.

Nesi_Kinondoni
Akianzishiwa dawa ya presha, losartan au enalapril (moja tu, zisichanganywe), kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda chini ya asilimia 30, msikimbilie kuiacha dawa. Muulizeni pia kama anajinunulia diclofenac (dawa ya maumivu) dukani kwa ajili ya magoti; hiyo ikome.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ya ng'onda na magadi ya kwenye maharage. Zile chumvi mbadala zenye potasiamu asiguse akiwa kwenye losartan. Na mpimeni presha akiwa amesimama pia, kwa sababu mishipa migumu huangusha watu wanapoinuka ghafla.