Naomba ushauri: kuishi mjini bila gari, na mzee yumo nyumbani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na mke wangu tumeamua kuuza gari na tusinunue nyengine. Tunakaa Mji Mkongwe, vichochoro vyetu gari haipiti hata ukitaka, tunaiacha mbali kisha tunarudi kwa miguu. Soko la Darajani liko karibu, skuli ya watoto pia, na kazini naenda kwa baskeli. Bububu ipo daladala ya 502, uwanja wa ndege 505.

Linaloninyima usingizi ni mama. Miguu inamsumbua, kupanda daladala kwake ni taabu, na bodaboda simpandishi. Mchana bajaji zipo. Je, akizidiwa usiku wa manane? Wenye wazee na hamna gari, mmejipangaje? Kuna aliyepatana na dereva wa teksi kwa malipo ya mwezi, na akipigiwa simu usiku anakuja kweli?

Kaka yangu anasema gari ni heshima ya mke. Sikubaliani naye, maana wazo hili kalianzisha mke wangu mwenyewe.

Na masika, Machi hadi Mei, watoto mnawafikishaje skuli wakiwa wakavu?