Mnaosema kufufua Tourer V ni uwekezaji, leteni hesabu zenu hapa

Wakuu salaam. Nyuzi zenu za magari huwa nazisoma na kupita, leo sipiti. Kila wiki anaibuka mtu na picha ya Toyota Mark II au Chaser, hasa ile Tourer V yenye turbo, iliyotelekezwa uani miaka nenda rudi, matairi yamekaa chini, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma, anaomba ushauri. Wadau wanamjaa: "Beba mkuu, hicho ni chuma, kifufue, hizo zinapanda thamani duniani." Duniani wapi? Mimi naishi Dar es Salaam.

Kwamba nje zimepanda, sibishi. JZX100, yaani kizazi cha Mark II na Chaser chenye hiyo Tourer V, ilianza kutoka 1996, na Wamarekani huwa wanasubiri gari ya aina hiyo itimize miaka 25 ndipo waiingize kwao bila usumbufu. Kuanzia 2021 zile za mwanzo zikatimiza umri, wanunuzi wa dola wakaingia minadani Japani, na Tourer V yenye klachi na giaboksi ya R154 ikawa gari ya watu wenye pesa zao. Sawa. Ila mnaisoma habari hiyo nusu. Kilichopanda kwetu sisi ni SPEA. Zile injini zake za turbo, 1JZ-GTE, zilizokuwa zinashuka bandarini zikiwa ndani ya vipande vya mbele vya magari yaliyokatwa, sasa zinagombewa na dunia nzima. Unanunua spea kwa bei ya Mmarekani, halafu unauza gari kwa bei ya Mtanzania.

Na bei ya Mtanzania inapangwa na kitu kimoja. Nilimwita dalali, tena anayejulikana mjini kwa hizi hizi gari. Nimeipaki kivulini, boneti wazi, injini nimeifuta inang'aa, faili la risiti liko kwenye siti ya mbele. Boneti hakuisogelea. Alichuchumaa mbele ya bampa, akaipiga picha ile pleti ya njano, akasimama akijikung'uta goti.

"Namba A hii, bosi."

Nikamwambia injini imefunguliwa yote, ringi mpya, beringi mpya, turbo mpya, karatasi hizo hapo. Faili hakuligusa. Akauliza, "AC inapuliza?" Nikasema inapuliza. "Basi saba na nusu. Tukikaza sana, nane."

Gari niliichukua kwa milioni sita. Ndani yake nimeweka milioni kumi na tisa, na hapo sijahesabu mafuta ya kumfuata fundi. Jumla ishirini na tano. Nane!

Huo ndio ugonjwa wenyewe na hakuna anayewaambia vijana. Hapa gari haiuzwi kwa hali yake, inauzwa kwa herufi. A, B, C, D, sasa tuko E. Herufi inasema gari ilisajiliwa lini nchini, basi. Chukua Mark II mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja: moja ilisajiliwa mapema ikapata A, ya pili ilichelewa kuja ikapata C. Ya C itauzwa zaidi hata kama imeoza chini na inatoa moshi wa bluu asubuhi. Hakuna kitu unachoweza kukifanya gereji kikabadilisha herufi. Wakenya nao ni yale yale, wanaangalia KA, KB, KC na KD zao, na kwao sheria ya miaka minane imefunga kabisa mlango wa kuleta hizi.

Kuna mchambuzi mmoja alinijibu kwenye uzi mwingine: kwa kuwa kuziagiza upya ni ghali, zilizopo nchini lazima zipande. Ni kweli kuziagiza ni balaa. Ushuru wa forodha 25%. Ushuru wa bidhaa 10% kwa kuwa injini inazidi cc 2000. Uchakavu 30% kwa kuwa imepita miaka 10. Kisha VAT 18% juu ya mrundikano wote huo. Piga mwenyewe: kwenye kila milioni 10 ya thamani watakayoikubali TRA, kodi inapita milioni 10 nyingine, na tozo ndogondogo bado. Lakini mwenye hela za namna hiyo harudi kutafuta namba A yako, mkuu. Anachukua Mark X, mrithi wa Mark II. Ile ya cc 3500 ya GRX133 inashuka melini na nguvu farasi 318, haina turbo ya kuhangaikia, spea zake zimejaa, na mafundi wanaijua. Tourer V ilitoka kiwandani na 280, kwa sababu ndiyo namba ambayo watengenezaji wa Japani walikubaliana wasiizidi kwenye makaratasi. Mnunuzi wa kawaida hataki historia, anataka gari isimzimikie Ubungo.

Sasa hiyo milioni kumi na tisa iliendaje. Turbo kwanza. Ya JZX100 ni CT15B, na pangaboi yake ya upande wa ekzosi ni ya seramiki. Ni nyepesi, inawahi kuamka, lakini ukiipandishia presha au joto likizidi inapasuka vipande kama kikombe cha chai. Muuza spea akaniletea "mpya". Imepakwa rangi ya fedha, inapendeza macho. Nikaingiza kidole, nikashika shafti, inacheza huku na huku. Ilikuwa chakavu imeoshwa na kupuliziwa rangi, na bei yake ilikuwa inatosha kununua pikipiki. Nikamrudishia. Iliyofungwa mwishowe nimeagiza nje, na hiyo peke yake imekula karibu robo ya bajeti.

Ringi, beringi, gasketi, sili za valvu, taiming belti na tenshena yake, hizo ni lazima, sina ugomvi nazo. Ugomvi uko kwenye hiki mnachokiita "kuiboresha iendane na wakati". Redio ya android, kamera ya nyuma, taa za LED, shokapu za kupandisha na kushusha, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kisasa. Shilingi zote hizo sokoni ni sifuri. Nyingine ni chini ya sifuri! Mnunuzi akiona shokapu za rangi anaamua papo hapo kwamba gari ilikuwa ya mbio, anakukata milioni. Na hiyo kontroli boksi inataka nyaya zake. Nilimpelekea fundi umeme ambaye watu humu mnamsifia. Nilivyofungua kifuniko chini ya dashibodi nilikuta nyaya za kiwandani zimekatwa katikati, zimesokotwa kwa vidole, zimezungushiwa selotepu nyeusi. Hakuna risasi ya kulehemu, hakuna soketi. Mvua ya kwanza, mshale wa joto ukaanza kucheza dansi. Nikalipa tena kwa mtu mwingine, akaanza upya.

Wale wa kupandikiza 1JZ kwenye GX100, ile Mark II au Chaser ya injini ndogo ya 1G-FE, nyie ndio kabisa. Kadi inasema 1G-FE, kwenye boneti kuna kitu kingine cha cc 2491. Usipobadilisha kadi, mnunuzi makini anakimbia. Ukibadilisha, dalali anasema "hii imechezewa". Bora hata Tourer V ya kuzaliwa, angalau makaratasi yanafanana na chuma.

Kuhusu bima. Nimetafuta bima kubwa. Wakala kaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, tunalipa thamani ya soko." Thamani ya soko ni ile ya yule aliyechuchumaa mbele ya pleti. Nikigongwa na lori kesho pale Mandela, risiti zangu zitakuwa karatasi za kufungia maandazi.

Kupenda gari sijamkataza mtu. Hii naiendesha, na ikivuta kwenye gia ya tatu kuna raha ambayo Mark X haina, hilo nalisema wazi. Unayo hela ya kuchoma, choma. Ninachokataa ni mtu mwenye milioni kumi za mkopo wa kazini kuambiwa humu kwamba anaweka akiba. Kama unayo tayari inatembea, fanya injini, breki, bushi na AC, ishia hapo. Rangi ya oveni, siti mpya na mazagazaga mengine hayarudishi hata nusu yake.

Sasa wale wataalamu. Aliyefufua ya kwake, namba A au B, akaiuza hapahapa Tanzania na hela yake yote ikarudi, aweke risiti na mkataba wa mauziano, afiche jina lake na la mnunuzi. Wale wa "kuna jamaa yangu alipata arobaini" msijisumbue, hata sitawajibu. Na mwenye nia na yangu aje PM. Iko Tabata, kumi na tisa, mazungumzo yapo kidogo. Dalali asibishe hodi.