Naomba ushauri: PS5 ya diski au Xbox Series S kwa kibanda cha gemu?

Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha gemu Mbagala, PS4 mbili, na vijana wameanza kuulizia mashine mpya. Nimezunguka Kariakoo kuulizia bei. Series S ni nafuu na inanivutia sana, ila haina sehemu ya diski: kila gemu ni kupakua, nami natumia bando la simu. PS5 ya diski ni ghali, lakini inasoma karibu diski zote za PS4, na ninazo 12. Pedi zangu za zamani za kuchezea zitakubali gemu za PS4 tu kwenye PS5, kwa hiyo itabidi ninunue mpya na gharama inaongezeka.

Mwenye Series S kibandani, bando linakula kiasi gani kwa mwezi? Na je, kwa kuwa mashine zote mbili zimetoka tangu Novemba 2020, ninunue sasa au nisubiri?