Naomba ushauri: kupima jeni za saratani ya tezi dume kabla ya kuunganisha dawa

Ndugu zangu, baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, amekuwa akichomwa sindano ya kushusha homoni kila baada ya miezi mitatu tangu mwaka 2022, na PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) iliyokuwa imeshuka hadi 0.8 sasa imefika 34, huku picha zikionyesha kwamba saratani imeingia kwenye mifupa ya nyonga. Daktari wake anataka kuongeza abirateroni (vidonge vya kuzuia mwili kutengeneza homoni za kiume) na prednisoloni mara moja. Daktari wa pili ametushauri tupime kwanza jeni ya BRCA2, kwa kuwa uvimbe ambao jeni hiyo imeharibika hushindwa kurekebisha DNA yake vizuri, na hapo ndipo olaparibu (dawa inayozuia seli za saratani kurekebisha DNA yao) ikiunganishwa na abirateroni husaidia zaidi. Marekani iliidhinisha muunganiko huo kwa wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2023. Alitaja pia AR-V7, umbo fupi la kipokezi cha homoni, ambalo seli zikilitengeneza kwa wingi, abirateroni mara nyingi haifui dafu na dosetakseli, dawa ya kemo, hufikiriwa mapema.

Kinachonitatiza ni sampuli. Kinyama kilichotolewa 2022 bado kimehifadhiwa maabara ndani ya nta (mzee mwenyewe hataki kusikia habari za kutolewa kingine). Je, bado kinafaa, au damu inatosha? Na ikiwa BRCA2 imerithiwa, sisi watoto, wa kike kwa wa kiume, tupimwe lini? Aliyemuuguza mgonjwa anayetumia olaparibu naomba anieleze kama ilimpunguzia damu, maana hemoglobini ya baba tayari ni 9.8.