Ribiti za kugonga au za kuvuta kwa ndege ya alumini?

Mbavu22: Wakuu, ndege ya alumini ya viti viwili, inajengwa na mtu mmoja bandani. Ipi afadhali: muundo wa ribiti (pini za kuunganisha mabati) za kugonga kama Van's RV-7, au za kuvuta kama Zenith CH 750? Kompresa ipo. Msaidizi hapatikani kila siku.

FundiBati: Msaidizi ndiye mwamuzi hapo. Ya kugonga inataka mikono minne: mmoja ashike nyundo ya hewa nje, mwingine akinge kwa kipande cha chuma ndani ya bawa. Kingoni koleo la kubana linafika na mtu mmoja anatosha, bila kelele. Katikati ya bati halifiki. Ya kuvuta unaifunga peke yako, kutoka upande mmoja.

Tiara_Nne: Si suala la mikono tu. Ya kugonga ikipigwa inavimba, inajaza tundu lote. Ya kuvuta haijazi kiasi hicho, kwa hiyo mbunifu huipangia hesabu yake. Mchoro ukisema AN470 (ribiti ya kugonga ya kichwa cha kuba), usiweke ya kuvuta ya unene uleule kisa mkono haufiki. Muulize mbunifu kwanza.

FundiBati: Kweli. Vipimo vya AN470 ya inchi 1/8 (3.2 mm): toboa kwa keekee namba 30. Kabla ya kupiga, mkia utokeze vipenyo 1.5 vya ribiti, karibu 4.8 mm. Ukishapiga, kichwa cha nyuma kiwe na upana kama 4.8 mm na kimo 1.6 mm. Mkia mrefu hulala upande. Mfupi hauachi kichwa cha kutosha. Usidonoedonoe pia: aloi inakuwa ngumu kila ikigongwa, mwishowe inapasuka. Na katikati ya tundu isiwe karibu na ukingo wa bati kuliko vipenyo viwili.

Kiunzi: Ongeza vichwa bapa (AN426), maana hapo ndipo wengi huharibu. Bati la inchi 0.032 au jembamba zaidi, bonyeza tundu liwe kama kisosi. Kuanzia 0.040, chonga mdomo wa tundu. Ukichonga bati jembamba, ukingo unabaki kama wembe, tundu linapanuka, ribiti inacheza. Ukiona mchirizi mweusi nyuma ya ribiti, ujue inasuguana.

Mbavu22: Na za kuvuta zinaharibikaje?

Kiunzi: Bunduki inayovuta msumari wa ribiti ikiinama, kichwa kinakaa upande. Takataka za keekee zikibaki kati ya mabati, yanaachana na ribiti inafunga pengo badala ya kubana mabati. Fungua, safisha, rudisha Cleco (vibanio vya muda vya matundu), ndipo uvute. Kuitoa: *gonga kwanza msumari wa katikati utoke nyuma*, kisha toboa kichwa tu. Ukianza na keekee, inateleza juu ya chuma cha msumari huo na kula alumini pembeni, tundu linaharibika.

Mbavu22: Basi CH 750. Bunduki ya mkono au ya hewa?

FundiBati: Ya hewa, ya mkono ibaki kwa kona. Ila angalia pua ya bunduki, mkuu. Zenith wanatumia pua iliyochongwa shimo la mviringo, inayokigeuza kichwa bapa cha ribiti kuwa kuba. Ukifunga pua ya kawaida, kichwa kinabaki bapa na kingo zake hazilali vizuri juu ya bati.