Muongo upi una muziki bora: tulinganishe vipi bila kudanganyana?

kinanda_cheusi:
Wakuu, ubishi wa miaka ya 60, 70, 80 au 90 hauishi kwa sababu kila mtu anakuja na vibao vyake kumi mfukoni. Nataka kulinganisha kwa haki. Nichukue nyimbo zipi, ngapi, na nizisikilize vipi ili mshindi asiwe tu muongo wa ujana wa msikilizaji? Nina orodha za Billboard Hot 100, chati ya Marekani ya nyimbo 100 zinazovuma kila wiki, kuanzia ilipozaliwa Agosti 1958, headfoni na faili za kawaida za mtandaoni.

santuri_45:
Kwanza, orodha za "nyimbo bora za wakati wote" ziweke kando. Zimeshachujwa, na muongo wa zamani umechujwa mara nyingi zaidi. Chagua kwa bahati nasibu wiki 3 kwa kila muongo, kisha sikiliza nafasi 40 za juu zote, na takataka zake. Hizo ni nyimbo 120 kwa muongo. Mtu mwingine azichanganye na kuficha majina, wewe utoe alama 1 hadi 5 baada ya kusikia wimbo mzima. Ukiutambua wimbo, uondoe kwenye hesabu, la sivyo unaipa alama kumbukumbu yako.

Ruka wiki za Desemba. Miaka ya karibuni vibao vya zamani vya Krismasi hurudi kwa wingi kwenye chati.

Na jiandae kushangaa. Mwaka 1969, ambao watu huukumbuka kwa tamasha la roki la Woodstock, singo (wimbo unaouzwa peke yake, nje ya albamu) iliyoongoza orodha ya mwaka ya Billboard ilikuwa "Sugar, Sugar" ya The Archies, bendi ya katuni!

bwana_chati:
Mbinu ni nzuri, ila chati yenyewe si mizani ileile miaka yote. Mpaka 1991 ilitegemea taarifa za maduka na redio, na mwenye duka angeweza kutaja anachotaka kukiuza. Novemba mwaka huo Hot 100 ikaanza kutumia mauzo yaliyosomwa kwa mashine na hesabu halisi ya nyimbo zilizopigwa redioni. Kwenye chati ya albamu, ambako mabadiliko yalianza Mei, kantri na rap zikapanda ghafla. Wapenzi wake walikuwepo siku zote, hawakuwa wakihesabiwa sawasawa.

Mtego wa pili: hadi Desemba 1998, wimbo usiotolewa kama singo ya kuuzwa haukuruhusiwa kuingia Hot 100. "Don't Speak" ya No Doubt ilitamba redioni lakini kwenye Hot 100 haipo. Kwa hiyo kwa miaka ya 90 ongeza chati ya redio pekee, vinginevyo unaunyima muongo huo baadhi ya nyimbo zake kubwa.

mpiga_besi:
Mnasahau sikio. Nakala mbili za wimbo mmoja zikitofautiana hata desibeli 1, iliyo juu huonekana "tamu" zaidi bila mtu kujua kwa nini. Nyimbo nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 90 zimebanwa ili zisikike kwa nguvu: sehemu tulivu zimepandishwa, vilele vimekatwa, na ngoma haipigi tena kifuani. Nakala "zilizoboreshwa" za nyimbo za zamani mara nyingi zimepitia kinu hichohicho, kwa hiyo unaweza kudhani unasikia 1972 kumbe unasikia ladha ya 2002.

Fanya hivi: pima faili zote kwa ReplayGain, mfumo unaopima ukubwa wa sauti ya kila wimbo, kisha teremsha zilizo juu, usipandishe zilizo chini, maana zitapasuka. Hilo halirudishi kilichokatwa, kwa hiyo kwa nyimbo za kabla ya 1990 tafuta CD za toleo la awali. Hizo nazo si salama zote. Baadhi zilitengenezwa kwa tepu zilizoandaliwa kwa ajili ya kukata santuri, sauti ikatoka nyembamba.

Kwa miaka ya 60 tafuta nakala za mono, ambazo masikio yote mawili husikia sauti ileile. Sterio nyingi za wakati ule zina sauti ya mwimbaji sikio moja na ngoma sikio la pili. Kwenye headfoni ni mateso, na utaipunguzia alama bendi isiyo na kosa.

kinanda_cheusi:
Nimeelewa. Sasa nisipate jibu la kukwepa: nyie mnaupa muongo upi?

mpiga_besi:
Wa 70. Rekoda za njia 16 na 24, ambazo vyombo vingi huweza kurekodiwa kila kimoja kwenye njia yake, ziliwapa mafundi nafasi, na wapigaji walikuwa bado wanacheza pamoja chumbani, tempo ikipumua.

santuri_45:
Mimi 1965 hadi 1974. Mpaka wa miaka inayoishia na sifuri ni wa kalenda tu, muziki hauujui.

bwana_chati:
Wa 80, na sitetereki. MIDI, lugha ya kuunganisha vyombo vya kielektroniki, ilikuja 1983, vyombo vya kampuni tofauti vikaanza kuelewana. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka 1980, haikuuzika sana na ikakatishwa mapema, na leo besi yake imejaa kila mahali. Sasa mpiga_besi, alama za mdundo huo unampa nani, 1980 au 2015?

mpiga_besi:
2015. Aliyeutumia vizuri ndiye wake.